Mchele Wangu Una Kijiji

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua la kuandikia namba za simu za madereva. Leo nina neno limenikaa kifuani, na mume wangu Marcelino hajarudi kutoka kazini, kwa hiyo nakuambia wewe daftari kwanza, yeye nitamwambia akishakula.

Mzee Abdulhamid kaja dukani saa nne asubuhi. Ndiye mwenye nyumba. Fremu ninayouzia mchele aliirithi kwa baba yake, na kwa miaka kumi na tisa niliyokaa humu hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Kaketi juu ya kiti changu, kashika tasbihi. Ni Ramadhani, hata kahawa sikuweza kumkaribisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Eli. Biashara?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Alhamdulillahi." Halafu kavuta punje tatu za tasbihi. Nikajua kuna jambo, maana Mzee Abdulhamid akiichezea tasbihi ujue anatafuta maneno laini. "Wanangu wamerudi kutoka China. Wanaitaka fremu. Wanataka kuuza makava ya simu."

"Na wewe mwenyewe mzee unatakaje?"

"Mimi nataka amani nyumbani kwangu. Wananiambia mchele unaleta panya na vumbi, na muuza mchele leo yupo kesho hayupo. Niletee karatasi, mama. Mkataba wa mtu anayenunua kwako mwaka mzima. Ukiuleta kabla Juni haijaisha, nitawaambia wakatafute sehemu huko Msimbazi. Usipouleta, sina la kuwajibu."

Mimi Severa, mwana wa Kibosho, darasa la saba, mkataba nitautoa wapi? Wateja wangu ni mama lishe na watu wa sherehe. Mwanangu Elibariki yuko chuo Dodoma kwa mchele huu huu. Nimesali fungu moja la rozari palepale nyuma ya magunia.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimefika kazini na alama yangu kwenye paji la uso. Zamda, jirani yangu wa fremu ya kushoto, anayeuza mchele kama mimi, kaniangalia juu mpaka chini.

"Shoga, umegusa chungu?"

"Umefunga, Zamda. Usiharibu saumu yako kwa kunicheka."

"Sikucheki, nakuuliza. Sasa na wewe umefunga, na mimi nimefunga, nani atawaonjesha wateja wali?"

Zamda ana ulimi. Nimesali ili nisimchukie.

Jumanne, 11 Machi

Leo kaingia dada mmoja mwembamba, begi mgongoni, kanisalimia shikamoo kwa adabu. Jina lake Jacqueline. Anashughulika na manunuzi ya jiko katika hospitali moja ya misheni hapa mjini. Kachukua kiganja cha mchele kwenye kiroba chenye kibao cha KYELA, kanusa.

"Mama, huu ni wa wapi?"

"Kyela, mwanangu. Kibao si hicho?"

"Kyela kijiji gani?"

Nikapangusa kibao kwa khanga. Nikasema, "Kyela kabisa, kulekule."

Hakunicheka. Kasema nilikuwa duka la kumi na mbili, na maduka yote kumi na mawili yamemjibu kulekule. Akanieleza. Mwaka jana walinunua mchele kwa jina la Kyela, kumbe magunia yale yalichanganywa aina tatu, mengine na mawe. Wagonjwa wakarudisha sahani. Sasa kamati yao inatafuta muuzaji mmoja wa mwaka mzima, kuanzia Julai, mavuno mapya. Sharti ni moja: kila gunia lijulikane limetoka kijiji gani, kata gani, wilaya gani, na kijiji chenyewe kithibitishe. Maombi mwisho tarehe thelathini Aprili.

Mwaka mzima. Nilitamani kupiga magoti mbele ya viroba.

Ila nikuambie ukweli, daftari, maana wewe huna pa kupeleka umbeya. Mchele ule si wa Kyela. Unakuja na Fuso la njia ya Ifakara. Huku kwetu Kariakoo mchele wowote unaonukia tunauita Kyela, usionukia tunauita Kilombero, na ukiwa mweupe sana tunaupa jina lolote mteja analolipenda. Niliukuta mtindo huo, nikaufuata. Sikuwahi kuuita uongo mpaka leo binti wa watu aliponiuliza kijiji.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mtaa umejaa maji. Nimeuza kilo sita.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi sala ya jumuiya ilikuwa kwetu. Katekista alizungumzia mtu anayemwita mtoto wa jirani kwa jina la mwanawe. Sijui kama alikuwa ananijua. Nimetoka pale, nimefika dukani, nimeng'oa kibao cha KYELA.

Zamda kaja mbio. "Umeuza duka?"

"Sijauza. Ule mchele si wa Kyela."

"Na mimi si wa Ulaya, lakini mkorogo napaka. Mama Eli, mteja hali kibao."

"Ndiyo maana sikihitaji."

"Haya. Njaa ikikukuta usije kunigongea."

Wateja watatu wameuliza Kyela, wakavuka kwenda kwa Zamda kununua mchele ulioshuka kwenye gari lilelile lililoshusha wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna jipya. Wameuliza Kyela, wamevuka.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimemeza mate machungu nikamwita Fikirini. Ndiye mkuu wa wapagazi wa mtaa wetu, mwenyeji wa mji huu tangu ukiitwa Mzizima, mdomo mkubwa kuliko mgongo. Miaka yote ananiita Manka, jina wanalowabandika wanawake wa kwetu Kibosho, na anawaambia watu mimi nikifa watanizika na mizani yangu. Sikumpenda. Nilimwona mtu wa kelele tu. Lakini kabla ya kubeba magunia alikuwa utingo wa malori ya mpunga, miaka ishirini na mbili.

"Fikirini, huu mchele wangu unatoka wapi hasa?"

Kacheka mpaka kashika nguzo. "Manka, umesomesha mtoto kwa bonde la watu na hulijui jina?"

"Nilijue leo. Nifundishe."

Nadhani hakutegemea neno hilo. Kavua kandambili, kaomba pumba na chenga na kiganja cha mchele safi. Kapiga goti kwenye sakafu, kamwaga pumba mstari mrefu uliopinda.

"Huu ndio mto Kilombero. Kote ni Mkoa wa Morogoro, huku na huku. Wewe umetoka Dar, umepita Morogoro mjini, umefika Mikumi, umekata kushoto, Kidatu hiyo, miwa mpaka uchoke. Kulia kwako milima ya Udzungwa imekusimamia kama askari." Kapanga chenga kuwa milima. "Unafika Ifakara. Hapa ndio kichwa cha wilaya ya Kilombero. Sasa sikiliza. Usipovuka mto, ukafuata kingo hii hii kwenda juu, ni Mngeta, ni Mlimba, na reli ya TAZARA iko nawe bega kwa bega. Ukivuka daraja, umeingia Ulanga. Lupiro kuna njia panda. Kushoto unapanda milimani Mahenge, huko baridi kama kwenu. Kulia unafuata bonde, mpunga macho yanapoishia. Mchele wako ni wa huku." Katua punje chache za mchele ng'ambo ya mstari wa pumba. "Kijiji cha Lukwambe. Kata ya Mihangalala."

"Kata ndiyo nini na kijiji ndiyo nini?"

"Lo. Kitongoji ni nyumba zenu chache. Vitongoji vinafanya kijiji, vijiji vinafanya kata, kata zinafanya tarafa, tarafa zinafanya wilaya, wilaya zinafanya mkoa. Kijiji kina mtendaji wake na mhuri wake, kata ina mtendaji wake na mhuri wake."

Nimeandika yote. Watu walikuwa wanaruka ramani yetu kwa uangalifu, hata Zamda. Ilipofika saa sita akaja kuku wa jirani akala Udzungwa yote.

Miaka kumi na tisa, daftari. Nimekula, nimevaa, nimesomesha, na sikujua hata upande wa mto.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Zamda kaniletea sinia la pilau mpaka nyumbani. Kasema, "Kula, ni Kyela." Tumecheka wote wawili mpaka Marcelino katoka chumbani kuuliza kuna nini.

Jumatano, 9 Aprili

Kila Fuso linaposhusha, nashika dereva. Limepakia wapi? Kijiji gani? Nani kakoboa? Madereva wananikimbia sasa. Mmoja kaniita Mama Sensa.

Nimepata pia namba ya mtu wa Mlimba, kingo ile ya reli. Kasema barabara ikikatika wao hupakia kwenye treni. Nimeiandika, sijui itanifaa nini.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua tangu alfajiri mpaka njia ya msalaba ilipoisha. Sikufungua duka.

Jumanne, 29 Aprili

Nimepeleka maombi. Marcelino kanisaidia kuandika vizuri: Kijiji cha Lukwambe, Kata ya Mihangalala, Wilaya ya Ulanga, Mkoa wa Morogoro, kikundi cha wakulima thelathini na wanne, kama madereva walivyonihesabia. Jacqueline kayapokea kwa mikono miwili. Kasema tuko watano tu tulioandika mpaka kijiji.

Nimepita Posta, nikaingia kanisani, nikawasha mshumaa. Sijui mbona nilikuwa na furaha hivyo, kama mtu aliyekwisha kupata.

Jumatano, 14 Mei

Leo siku mbaya, daftari.

Saa tano Jacqueline kapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya pole. "Mama, tumeuliza Ulanga. Wanasema kijiji cha Lukwambe hawanacho. Wametafuta orodha yote, hata kata hiyo haimo."

Nikasema haiwezekani, mchele wake nimeushika hapa mkononi.

"Mama, kamati imesema nikupe nafasi. Tarehe thelathini Mei mnahojiwa. Uje na barua ya kata yenye mhuri, barua yenyewe, siyo picha ya simu. Bila hivyo nitalazimika kukuondoa. Wengine wanasema kijiji umekibuni."

Nimekibuni. Mimi, niliyeng'oa kibao changu kwa mkono wangu mbele ya mtaa mzima.

Nikatoka nje kwa hasira. Fikirini alikuwa na gunia mgongoni, sikumsubiri alitue.

"Umenifundisha uongo. Lukwambe haiko Ulanga. Umenichezea kwa sababu mimi ni Manka wa mizani?"

Katua gunia taratibu. "Nani kasema haiko Ulanga?"

"Ulanga wenyewe."

Wapagazi wote walisimama. Nilitegemea atanijibu kwa maneno ya shombo kama kawaida yake. Kafuta uso kwa kitambaa, kaondoka, hata ujira wa gunia lile hakuchukua. Na mimi nikarudi ndani nikalia nyuma ya viroba. Zamda kaja kanishika bega. Hakutania. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Wiki sita zimebaki, kisha hapa patakuwa pa makava ya simu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefika nikamkuta Fikirini amekaa kwenye kizingiti changu kabla sijafungua. Kofia mkononi.

"Mama Eli." Sijawahi kumsikia ananiita hivyo. "Nimekosa. Nimepiga simu mpaka salio likaisha. Safari yangu ya mwisho kule ni miaka kumi na nne sasa. Wakati ule ng'ambo yote ya mto ilikuwa Ulanga, Mahenge huku, Malinyi kule. Kumbe Ulanga imezaa. Malinyi ni wilaya yenyewe, ina mkuu wake na ofisi zake. Nchi imezaa na mimi sikuarifiwa."

Nikamwangalia. Mzee mzima, macho mekundu kwa kukosa usingizi kwa ajili ya kijiji cha watu wengine.

"Kwa hiyo Lukwambe ipo?"

"Ipo. Iko Malinyi. Sisi watu wa magari tunaita Ulanga mpaka leo, na madereva uliowauliza nao ni wa zamani kama mimi."

Nami nikaona kosa langu mwenyewe. Niliuliza watu wa magari tu. Wanakijiji sikuwahi kuwapigia hata mara moja. Nimemwomba radhi kwa kumfokea mbele ya vijana wake. Kasema, "Yaishe, Manka," na hapo nikajua tumepatana.

Amenipa namba ya mtendaji wa kijiji, bwana Seifu. Tumempigia palepale.

"Mama, sisi si Ulanga. Hilo ni jina la babu zetu. Sisi ni Wilaya ya Malinyi, na tunaishika kweli kweli, maana tuliililia." Anazungumza polepole, anachagua maneno kama anachambua mchele. "Barua nitaandika leo. Shida ni mhuri wa kata. Kati yangu na ofisi ya kata kuna kijito, na kijito kimekuwa mto."

Jumamosi, 17 Mei

Mvua kule. Seifu hajavuka.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua kule. Seifu hapatikani.

Jumatano, 21 Mei

Huku jua kali, kule mvua. Nimeanza novena, sala ya siku tisa.

Ijumaa, 23 Mei

Seifu kavuka. Kasema alifunga barua kwenye mfuko wa sukari akaiweka kichwani chini ya kofia. Mhuri umegongwa. Barua imepewa kondakta wa basi la Ifakara.

Jumapili, 25 Mei

Basi limekwama kwenye tope kabla ya Lupiro. Abiria wamelala kwenye shule.

Jumatatu, 26 Mei

Fikirini kasema anakwenda mwenyewe. Nikamwambia ana miaka sitini. Kasema tope la kule analijua kwa jina. Kapanda Fuso lililokuwa linarudi tupu, mguu mmoja nje mlangoni kama utingo kijana, anawapungia wapagazi wake. Mtaa mzima ulimshangilia.

Alhamisi, 29 Mei

Simu ya Fikirini. Barua anayo, iko kifuani. Lakini gari limeharibika Kidatu, vipuri vinatoka Morogoro. Kesho asubuhi hatakuwa amefika.

Kesho ndiyo siku.

Marcelino kaniambia, "Nenda useme unachokijua. Unakijua kuliko barua."

Ijumaa, 30 Mei

Nitaandika yote, nisisahau hata nukta.

Nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Zamda kakalia duka langu, la kwake kafunga. Nikamwambia usiuze kwa jina la Kyela. Kasema, "Nenda, usinihubirie, mimi si mwanakwaya wako."

Hospitalini tulikuwa watano kwenye benchi. Wanne wanaume, wana kompyuta. Waliingia mmoja mmoja, wakatoka haraka. Mimi wa mwisho. Ndani kuna meza ndefu, wajumbe wanne na Jacqueline. Mwenyekiti ni baba mmoja wa miwani, anaitwa Allan.

"Mama Severa, barua iko wapi?"

"Iko Kidatu, baba. Imegongwa mhuri, iko kifuani kwa mzee anayeitwa Fikirini, gari lao limeharibika. Itafika, lakini haijafika. Sitaki kukudanganya."

Wakatazamana. Baba Allan akafunga faili langu. Kisha nikasikia sauti yangu inaongea.

"Naomba kwanza nirekebishe niliyoandika. Nimewaandikia Ulanga, nimekosea. Kijiji cha Lukwambe kiko Wilaya ya Malinyi. Zamani yote ilikuwa Ulanga moja, ikagawanywa. Sisi wa Kariakoo na watu wa magari bado tunataja jina la zamani. Ulanga waliwajibu ukweli. Mkosaji ni mimi, sikuuliza wenyewe kijijini."

Mama mmoja mjumbe akainua kichwa. "Endelea."

"Malinyi iko ng'ambo ya mto Kilombero. Unavuka daraja Ifakara, unafika njia panda ya Lupiro. Kushoto Mahenge, kulia bondeni. Lukwambe ni kulia. Mtendaji wake kaniambia ina vitongoji vitano. Wakulima wangu wako vitongoji viwili vya chini, karibu na maji, ndiyo maana mpunga wao unachelewa kuiva na punje yake inajaa."

Baba Allan akafungua faili tena. "Hapo hapo. Umesema ng'ambo ya mto. Masika barabara inakatika, barua yako yenyewe imekwama. Mgonjwa atakula nini Aprili?"

Hilo ndilo swali, daftari. Waliotoka kabla yangu nadhani liliwazidi. Nami namshukuru Mungu kwa kila dereva aliyeniita Mama Sensa.

"Aprili hamtakula wa Malinyi," nikasema. "Wa Malinyi utavuka daraja Julai mpaka Novemba, njia ikiwa kavu, uwekwe ghala Ifakara. Masika ikiingia, nawaletea wa kingo hii ya mto, upande wa Mlimba. Huko barabara ikikatika kuna reli. Treni inapita Mlimba, inapita Ifakara, inashusha hapa Dar. Na gunia la Mlimba nitaliandika Mlimba, Wilaya ya Kilombero. Sitaliita Malinyi, wala Kyela."

"Kwa nini una ugomvi na Kyela?" akauliza mwingine, anatabasamu.

"Sina. Mchele wa Kyela ni mzuri kweli na una watu wake waliotoka jasho. Mtu akiwaletea wa Kyela kweli, mchukueni. Ila mwulizeni kijiji."

Wakacheka wote. Jacqueline akaomba ruhusa, akampigia Seifu, akaweka sauti kubwa. Seifu bila kujua nani yuko mezani akasema, "Mama Severa? Huyo ndiye mnunuzi wa kwanza kutoka Kariakoo aliyewahi kutuuliza tunaitwaje. Wengine huuliza magunia mangapi."

Mwisho wakachoma bambo kwenye kiroba changu cha mfano, kile chuma cha kuchotea mchele bila kufungua gunia, wakamwaga kwenye karatasi nyeupe. Hakukuwa na jiwe hata moja.

Baba Allan kasema, "Barua iletwe ikifika. Kwa kazi hii, wewe ndiye."

Nilitoka sioni ngazi.

Kariakoo nimemkuta Zamda amezungukwa na wateja. Anawafokea. "Huu ni wa Malinyi. Hamjui Malinyi? Vukeni daraja Ifakara, kateni kulia. Mnakula tu." Kaniona, kauliza kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa. Shoga yangu yule akapiga vigelegele mpaka watu wa ghorofani wakafungua madirisha.

Jumamosi, 31 Mei

Fikirini kafika saa nane mchana, tope mpaka magotini, barua kavu kabisa. Nimempikia wali kwa nazi, kala sahani tatu. Kasema anaonja kama ni wa ng'ambo ile kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetia saini. Mwaka mmoja. Majina yangu yote matatu.

Ijumaa, 13 Juni

Mzee Abdulhamid kausoma mkataba mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na wanawe wawili wamesimama pembeni. Kaukunja, kanirudishia.

"Mmesikia," kawaambia.

Mkubwa kasema, "Lakini baba, panya."

"Panya wanajua penye riziki. Nendeni Msimbazi."

Kisha akaagiza kahawa, vikombe vinne, tukanywa hapo mlangoni na wapita njia wakitukanyaga. Yule mdogo kaniuliza taratibu kama naweza kumwekea kilo kumi. Nimemwekea kumi na moja.

Jumanne, 24 Juni

Zamda katia kibao kipya kwake: MCHELE WA IFAKARA NA JIRANI ZAKE. Nimemwuliza jirani zake ndio akina nani. Kasema, "Nipe muda, na mimi nianze shule."

Jumamosi, 28 Juni

Mchele mpya umekobolewa. Leo Seifu kapiga simu akiwa kwenye lori, nyuma yake nasikia kelele za wapakiaji na mtu anahesabu. Magunia yanapanda.

"Mama, natakiwa kujaza fomu ya mzigo hapa. Wananiuliza unakokwenda. Nimewaambia Kariakoo, wanasema Kariakoo siyo anwani. Niandike nini?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya fremu. Nimefagia, nimepanga mbao za kuwekea magunia, mlango uko wazi pande zote mbili. Fikirini na vijana wake wamekaa nje wanasubiri kazi ya kesho. Nikashusha pumzi.

"Andika, mwanangu. Mkoa wa Dar es Salaam. Wilaya ya Ilala. Tarafa ya Kariakoo. Kata ya Kariakoo."

"Taratibu mama. Kata ya Kariakoo. Halafu?"

"Halafu andika: fremu ya Severa. Ipo, na itakuwepo."